Mama wa Zamu

Penrith, 21 Septemba 2025

Shemeji Ephraim,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama na goti lake. Huku tu salama. Baridi imeisha, watu wameanza kukata nyasi kwa mashine, kila Jumamosi mtaa mzima unanguruma. Rufus amepita bega langu. Kendi ameng'oka meno mawili ya mbele na anakula tufaha kwa upande. Belyse, yule Mrundi ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, bado analala kwetu siku nikiwa zamu ya usiku. Bila yeye sijui.

Asante kwa kukubali tuandikiane. Si kwamba sitaki kukusikia. Lakini tangu siku ile Kendi aliposikia sauti yako kwenye spika, akatoka bafuni na povu kichwani akiita Baba, nimeshindwa kuipokea simu yako watoto wakiwa karibu. Wewe na marehemu Maxwell mlipewa koo moja. Huna kosa.

Jambo lenyewe ni dogo, utanicheka. Mwisho wa Oktoba huku kuna Halloween. Watoto wanavaa kama mizuka, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, wakirudi wanatazama filamu ya kutisha. Huko kuchagua filamu kulikuwa kwa Maxwell. Ijumaa zao zote za filamu mimi nilikuwa kazini, sijawahi kukaa nao hata mara moja. Mwaka huu nitakuwa nyumbani siku hiyo na wanataka filamu yao ya kila mwaka. Wanaiita Zamu. Nimeitafuta kwenye runinga, hakuna filamu yenye jina hilo. Rufus ndiye aliyenionyesha: nyumba kuukuu, korido ndefu, mwanamke amesimama mwishoni.

Belyse anasema filamu ya mizuka isiingie nyumba yenye msiba. Jirani anasema watoto wa miaka saba wanatazama mbaya kuliko hiyo. Mimi sina maoni. Siku hizi sina maoni juu ya vitu vingi. Mtu akiniuliza chai au kahawa, najibu ndiyo.

Wewe ulikuwa na ukumbi wa vidio pale Maua na watu walikuja na watoto. Ulikuwa unachaguaje?

Shemeji yako,
Kawira


Maua, 6 Oktoba 2025

Mama Rufus,

Salamu zako nimezifikisha. Mama anasema goti ni zima, ila linaumwa likiitwa shambani. Mvua imekawia. Kuku wangu wawili wamechukuliwa na mwewe mchana kweupe, nami nikitazama nimeshika bisibisi, kwa maana siku hizi mimi ni fundi wa simu, kazi ya kuinamisha shingo.

Nilimsimulia Mama hiyo Halloween. Aliposikia watu wanachonga malenge sura ya mtu, wanawasha mshumaa ndani, kisha wanaitupa bila kuila, akasema basi hao ndio mizuka wenyewe.

Umeniuliza kuchagua. Filamu haichaguliwi kwa bango. Bango ni kama mchumba siku ya kwanza. Mimi nilikuwa naitazama asubuhi peke yangu, sauti nimeizima. Picha tupu haimtishi mtu, kinachotisha ni zile zeze zao. Kisha, mtoto usimpe zimwi jipya. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hiyo filamu wameitazama na Maxwell miaka miwili, wakalala, wakaamka, wakaenda shule. Basi iwe hiyo hiyo. Ya namna ya kuwaonyesha nadhani unayajua, uliishi naye.

Mimi mambo ya vidio niliyafunga, shemeji. Usiniulize sana huko.

Mama anauliza tena kuhusu Kendi, hata kama ni mwaka mmoja tu akae hapa. Anasema tetekuwanga haikuchagua siku nzuri ya kumshika, kwamba mtoto ambaye hakutupa udongo kwenye kaburi la baba yake hatulii. Mimi nimefikisha tu.

Wako,
Ephraim


Penrith, 2 Novemba 2025

Shemeji,

Tumewasikia na kuku wenu, poleni. Mwambie Mama malenge yetu tuliila. Nilichonga macho tu, mdomo ukanishinda, nikaipika na nazi siku ya pili.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Huku kusini mwa dunia Halloween inaangukia msimu wa jakaranda, saa kumi na mbili jioni bado kweupe, mizuka inatembea imevaa miwani ya jua na mama zao wanawafuata na chupa za maji. Rufus alikuwa fuvu. Kendi nilimnunulia mbawa za popo, akazikataa. Alikwenda kabatini akatoa lile jaketi la Maxwell la kazini, la ghala la Wetherill Park, lenye mistari inayong'aa, akalivaa. Lilimfika kwenye vifundo. Kila mlango waliuliza amevaa kama nini. Yeye alinyoosha tu mfuko wa peremende. Nilimwacha.

Tuliporudi nikafunga mapazia, nikaweka filamu, nikaongeza sauti ili waisikie vizuri. Nilifanya kama ulivyosema, ile waliyoizoea. Tangu mwanzo Kendi alikuwa ananitazama mimi badala ya runinga, kama anayengoja nifanye kitu. Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia tunatazama. Rufus alichukua rimoti apunguze sauti, nikamnyang'anya. Kendi akasema hii si yenyewe. Nikamwonyesha picha, nikamwambia ni yenyewe.

Kisha yule mwanamke akatokea, anatembea kwenye korido miguu mitupu, ameshika viatu mkononi. Kendi akacheka. Nilishangaa, kwa sababu kwangu haikuchekesha. Akamtazama akifika mpaka kwenye mlango wa watoto, akasimama pale anawaangalia wamelala. Hapo Kendi na Rufus wakainuka wote wawili waende kulala. Nikawaambia filamu haijaisha, ketini.

Wakaketi. Ndiyo ikaja ile sehemu ya mwisho, ambapo inajulikana kwamba yule mama alikufa zamani na amekuja kuwachukua watoto wake. Kendi akaniuliza, kwa Kiingereza chao hiki, amekufa lini. Nikamwambia alikuwa amekufa tangu mwanzo. Nilimwambia kwa ile sauti ninayowaambia nayo jamaa kazini mzee wao akifariki. Alikwenda kupiga mswaki bila kuambiwa.

Labda nilikosea mahali. Niambie wapi.

Kawira


Penrith, 23 Novemba 2025

Shemeji Ephraim,

Hujanijibu, nami sikulaumu. Natumaini ni kazi tu na si goti la Mama. Rufus amepata cheti cha hisabati. Joto limeanza.

Nikueleze halafu uamue la kumwambia Mama.

Unajua mimi narudi kutoka kazini asubuhi, wao bado wamelala. Navua viatu mlangoni nisiwaamshe. Napita kwenye korido, nasimama kidogo kwenye mlango wao, nawaangalia, halafu ndiyo naenda kulala. Nilianza Rufus akiwa mchanga, nikiogopa atasahau kupumua, na miguu ikazoea. Zamu yangu ya kwanza baada ya ile filamu nilisimama hivyo hivyo. Kendi alikuwa macho. Alijiburuta mpaka ukutani, akamshika Rufus, akamwambia asinitazame.

Sasa kila usiku nikiwa kazini anaweka kiti nyuma ya mlango. Belyse ndiye aliyeniambia. Mchana anakula chakula changu, anafanya kazi zake za shule, lakini hataki nimchane nywele. Nikimsogelea anatazama miguu yangu kwanza. Nimeacha kusimama pale mlangoni. Naingia na viatu, napiga hatua za nguvu kama askari, napita moja kwa moja chumbani kwangu.

Binti yangu ananiogopa. Nimeiandika ili nione kama itauma. Ni kama ile ganzi ya daktari wa meno, najua jino lipo, najua linatobolewa, nasikia harufu. Hata Machi, kwenye mazishi kule Maua, watu walinisifu nimejikaza. Sikujikaza. Hakukuwa na cha kukaza.

Mtoto hawezi kulelewa na mtu anayemwogopa, na mtu mwenyewe akiwa hivi. Wainaina na mkewe, wa kanisani kwetu, wanasafiri Nairobi tarehe ishirini Desemba. Wamekubali kwenda naye. Mwambie Mama ndiyo.

Kawira


Maua, 30 Novemba 2025

Mama Rufus,

Salamu kwa wote, na hongera kwa Rufus na hisabati, hiyo hakuitoa upande wetu. Nimemwambia Mama. Ametoa godoro nje kulianika na amemtuma mtu kutafuta kitanda kidogo. Anatembea uani kama asiye na goti. Shule nzuri ipo karibu. Nitampokea Kendi mwenyewe Nairobi. La filamu tuliache, yameshapita.


4 Desemba

Shemeji, hayo ya juu sikuyatuma. Nimekaa nayo siku nne. Nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Ya kwanza, niliona utatukasirikia, mimi na marehemu. Ya pili, mimi pia nataka mtoto wa Maxwell acheze hapa uani. Namtaka sana. Lakini asije kwa njia hii.

Wewe ni binti wa mchungaji wa Nkubu, vidio hukuingia, kwa hiyo ngoja nikueleze. Wateja wangu hawakujua Kiingereza cha filamu. Nilikuwa naizima sauti yote, nashika kipaza sauti, nasema mimi mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Maxwell alikaa chini ya meza ya mashine akichana tiketi, na kila neno alilishika. Kukiwa na watoto mbele, kila zimwi nililipa kazi. Mwenye msumeno alikuwa fundi anayetafuta nyumba aliyoitiwa. Aliyetoka kaburini alikuwa askari wa usiku ambaye mwenzake amechelewa kumpokea. Zimwi likiwa na kazi haliogopwi tena, maana limechoka kama baba zao. Nilidhani unajua kwamba Maxwell aliwafanyia wanao hivyo hivyo. Kumbe ulikuwa kazini. Zile sauti za Kiingereza watoto hawakuwahi kuzisikia hata siku moja.

Alinipigia simu mwaka juzi. Akaniambia, "Kaka, kuna mama anatembea kwenye korido alfajiri, ameshika viatu. Nimpe kazi gani?" Nikamwambia, "Kazi hiyo unayo nyumbani kwako."

Tukacheka sana. Ndivyo yule mama akawa wewe. Maneno tuliyapanga pamoja kwenye simu, na ninayakumbuka. Alianza, "Haya, wateja wangu, mwenye kikohozi akohoe sasa." Akitokea mama anasema, "Huyu ametoka zamu. Ameshika viatu asiwaamshe watu. Macho mekundu ni ya usingizi, msimseme." Akifika mlangoni anasema, "Sasa anahesabu watu wake. Mmoja, wawili, na yule mkubwa anayekoroma ni wa tatu. Wote wapo. Ruhusa kulala." Hapo anazima runinga. Mwisho wa filamu yenyewe sidhani hata Maxwell aliwaza kuuonyesha.

Kwa hiyo Kendi hakuogopa zimwi, shemeji. Alimwona mama yake kwenye runinga kama kila mwaka, kisha akaambiwa amekufa tangu mwanzo. Na baba yake ameshakwenda.

Uliniuliza ulikosea wapi. Hukukosea. Mimi ndiye niliyejua na sikusema. Tangu Machi siwezi kushika hata kipaza sauti cha kanisani, kwa sababu nikisema kwa nguvu namsikia yeye.

Mwambie Wainaina angoje kidogo. Mama nitamkabili mimi.

Ephraim


Penrith, 14 Desemba 2025

Shemeji Ephraim,

Natumaini Mama hajakuvunja mfupa. Huku joto limefika mahali pa kulala sakafuni. Belyse anakusalimu ingawa hakujui, anasema mtu mwenye barua kama ile aombewe.

Barua yako niliisoma kwenye gari nje ya kazi. Sikukasirika. Nilicheka kidogo pale kwa macho mekundu, kwa sababu ni kweli.

Ijumaa niliomba ruhusa, nikabaki nyumbani. Nikafunga mapazia, nikaweka ile filamu. Rufus akaja akakaa. Kendi akabaki kwenye korido, karibu na mlango wa bafu, pa kukimbilia. Nikapunguza sauti mpaka ikaisha kabisa, nikafungua barua yako, nikaanza kusoma. Nilisoma kama tangazo la kanisani. Nilikuwa nasema huyu ni mama, ametoka kazini, na picha ilikuwa bado kwenye mti nje ya nyumba.

Kendi akasema kutoka kule nyuma, kwa Kiswahili, "Si hivyo, Mama. Anza na kikohozi."

Unajua watoto hawa. Wanasikia kila kitu na wanajibu kwa Kiingereza. Sijui mara ya mwisho Kendi alinijibu kwa Kiswahili lini. Akaja, akachukua rimoti kutoka mkononi mwangu, akaishika mdomoni, akasimama mbele ya runinga na pengo lake. Haya, wateja wangu. Tukakohoa, mimi na Rufus. Akaendelea hivyo filamu nzima, neno kwa neno, na mengine ambayo wewe huyakumbuki. Na lafudhi, shemeji. Lafudhi ya Maua kabisa, ya kuburuta maneno. Mtoto aliyezaliwa Penrith. Hakuna pengine alipoitoa.

Yule mama akatokea na viatu vyake. Kendi akanielekezea rimoti mimi, akawaambia wateja, "Huyu ametoka zamu. Macho mekundu ni ya usingizi. Msimseme." Kisha akamfikisha mlangoni.

"Sasa anahesabu watu wake," akasema. "Mmoja. Wawili."

Rufus akatazama chini. Mimi nilikuwa na barua yako magotini, najua kinachofuata, nikawa namngoja wa tatu, yule anayekoroma. Kendi aliitazama ile picha kitambo. Hakumtaja.

"Wote wapo," akasema. "Ruhusa kulala." Akazima.

Nililia, shemeji. Ilianza bila mimi kujua, nikadhani ni jasho. Nililia mpaka Rufus akaenda kuleta taulo, lile kubwa la kuogea, na Kendi akakaa pale pembeni yangu akinishikia ncha yake. Inauma. Nakuandikia hivyo kwa sababu nilikuambia haiumi. Inauma kila mahali, na leo asubuhi nilitaka chai. Si kahawa.

Leo alfajiri nilirudi kutoka zamu, nikavua viatu mlangoni. Kiti hakikuwepo nyuma ya mlango wao. Nikasimama. Kendi alikuwa macho, namjua anavyojifanya. Akakohoa mara moja, akageukia ukutani, akalala.

Kwa Wainaina nimeshasema asante. Mwambie Mama kitanda akitunze na atafute kingine, tutakuja wote watatu likizo ya Aprili, na Kendi atatupa udongo wake.

Na wewe tupigie Jumapili, baada ya kanisa lenu. Nimemwambia Kendi atakayeongea ni baba mkubwa, ila sauti ni ile ile. Akasema anajua. Nitaweka spika.

Kawira